Kisa cha shimo la Petersburg, 1864: kura ilipoamua nani atangulie vitani

Kisa hiki kinatoka kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, nje ya mji wa Petersburg, jimbo la Virginia, alfajiri ya tarehe 30 Julai 1864. Nimekichagua kwasababu watu wengi tukisikia operesheni imefeli tunakimbilia kusema plani ilikuwa mbovu, na hapa plani haikuwa mbovu hata kidogo. Majenerali nitawataja maana wapo kwenye rekodi za umma, ila askari wa chini nitawaacha bila majina isipokuwa mmoja ambaye alipewa nishani mbele ya dunia nzima na anastahili kutajwa.

Hali ilivyokuwa kabla

Katikati ya mwezi wa 6 mwaka 1864 jeshi la Kaskazini (upande wa serikali ya Marekani) chini ya Ulysses Grant lilijaribu kuuchukua Petersburg haraka haraka likashindwa. Mji ule ulikuwa muhimu kwasababu reli zilizokuwa zinalisha Richmond, makao makuu ya Kusini (majimbo yaliyojitenga), zilikuwa zinapita pale, kwahiyo Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la Kusini pale, hakuwa tayari kuuachia. Pande zote mbili zikachimba mahandaki zikakaa humo kwenye jua la Virginia, ukiinua kichwa unapigwa risasi, na kuna sehemu mistari ilikaribiana mpaka ikabaki kama mita 120 tu.

Sehemu hiyo ya karibu ilikuwa ya Kikosi cha 9, chini ya Jenerali Ambrose Burnside. Juu ya Burnside alikuwepo George Meade, kamanda wa Jeshi la Potomac, na juu ya Meade ndo Grant mwenyewe. Sasa hapa kuna kitu lazima ukielewe mapema: Burnside alikuwa amemtangulia Meade kwa cheo, na mwishoni mwa 1862 kule Fredericksburg yeye Burnside ndo alikuwa kamanda wa jeshi hilo zima na Meade akiwa kamanda wa divisheni tu. Yani aliyekuwa bosi sasa yuko chini ya aliyekuwa mdogo wake, na wote wawili hawana uvumilivu. Weka hilo akilini, litarudi.

Kwenye kikosi cha Burnside kulikuwa na rejimenti ya 48 ya Pennsylvania, na wengi wao walikuwa wachimba makaa ya mawe kutoka kaunti ya Schuylkill. Kamanda wao Luteni Kanali Henry Pleasants alikuwa injinia wa migodi. Siku moja akamsikia askari wake akisema wakichimba njia chini kwa chini wanaweza kuilipua ngome ile ya mbele yao ikapotea kabisa. Pleasants hakumpuuza, alilichukua wazo lile akalipeleka juu, Burnside akakubali, na tarehe 25 mwezi wa 6 kazi ikaanza.

Mainjinia wa makao makuu walisema haiwezekani, njia ndefu kiasi kile watu watakosa hewa wafe. Mtu yeyote aliyewahi kufika machimboni Geita au Mererani anajua hilo sio tatizo la mchezo, hewa ndo inayoamua nani anatoka. Dawa ya Pleasants ilikuwa rahisi mpaka inafurahisha: alichimba bomba la kutoa moshi kutoka ndani ya njia mpaka juu, nyuma ya mstari wao, akawasha moto chini yake muda wote, mlangoni kwa nje akaweka mlango usiopitisha hewa, na sakafuni akalaza mfereji wa mbao kuanzia nje mpaka wanapochimba. Moto ukipandisha hewa chafu juu, hewa safi inavutwa kupitia ule mfereji mpaka puani kwa mchimbaji.

Vifaa hawakupewa. Mikokoteni ya mkono hamna, wakachukua maboksi ya biskuti za jeshi wakayapigilia mishikio ya mti wakabebea udongo. Mbao wakabomoa daraja na kinu kilichoachwa. Hata kifaa cha kupimia umbali makao makuu waliwanyima, Burnside ikabidi aombe kutoka Washington wakaletewa cha zamani. Wakachimba mita 156, mwishoni wakafungua matawi mawili kushoto na kulia chini ya ngome, wakaweka mapipa madogo 320 ya baruti, jumla kama kilo 3,600. Wale wa Kusini walishahisi kuna kitu, walichimba mashimo yao kuwatafuta, hawakuwapata.

Plani ya shambulizi

Burnside alikuwa na divisheni 4. Tatu za askari weupe zilikuwa zimekaa kwenye mahandaki wiki kadhaa zimechoka, na ya nne chini ya Edward Ferrero ilikuwa ya askari weusi, watu wapatao 4,300, wengi walikuwa watumwa miaka michache tu nyuma. Hii ya nne ndo ilikuwa na nguvu mpya kwahiyo Burnside akaichagua itangulie, na akaipa mazoezi. Wazo kuu lilikuwa hili: ngome ikilipuka MSIINGIE kwenye shimo, vikosi vya mbele vinapita pembeni, vingine vinasafisha mahandaki kulia na kushoto, alafu wote wanapanda mpaka kilima cha nyuma chenye makaburi, maana ukikishika kile kilima umeushika mji.

Grant naye alifanya sehemu yake vizuri. Siku chache kabla alituma vikosi kaskazini ya mto James kule Deep Bottom, Lee akadhani shambulizi linakuja huko akapeleka watu wengi, Petersburg ikabaki na walinzi wachache.

Mabadiliko ya dakika za mwisho

Tarehe 28 Julai Meade akamwambia Burnside askari weusi wasitangulie. Burnside akabisha, suala likaenda kwa Grant, na tarehe 29 jibu likarudi kwamba Grant amekubaliana na Meade. Kwa hesabu ya kawaida ilikuwa imebaki chini ya siku moja.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza Meade hakuwa na imani na askari ambao hawajazoea vita. Ya pili ilikuwa lawama: ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Grant alikuja kueleza baadae kwamba waliogopa, shambulizi likifeli watu watasema tumewatanguliza weusi wakafe kwasababu hatuwajali. Ukiisikiliza hii sababu ya pili haraka haraka unaweza kuiona ya kibinadamu. Mimi naisoma tofauti. Swali walilotakiwa kujiuliza ni nani amejiandaa kufanya kazi hii, na wao wakajiuliza ikiharibika tutaonekanaje.

Burnside akarudi kwa makamanda wake watatu wa divisheni za weupe, Potter, Willcox na Ledlie. Alitakiwa achague mmoja. Hakuchagua, akapiga kura ya bahati nasibu. Aliyeangukiwa ni James Ledlie.

Naomba ukae hapo kidogo. Divisheni ya Ledlie ndo ilikuwa inahesabiwa dhaifu kuliko zote. Na Ledlie mwenyewe, miezi miwili kabla, mwezi wa 5 kule mto North Anna, aliwapeleka watu wake kushambulia ngome imara akiwa amelewa, wakachinjwa bure, na maafisa waliokuwa chini yake walilijua hilo vizuri tu. Habari ile haikupanda juu. Kwahiyo bosi anapiga kura bila kujua moja ya majina yaliyomo ni la mtu ambaye hafai kuongoza hata doria.

Siku yenyewe

Mlipuko ulipangwa saa 9 na nusu usiku. Pleasants akawasha utambi saa 9 na robo hivi. Saa 9 na nusu ikapita, saa 10 ikapita, kimya, maelfu ya watu wamelala chini gizani wanasubiri na kule mashariki kunaanza kupambazuka. Ilikuwa hivi, utambi walioletewa ulikuwa wa vipande vifupi ikabidi uungwe, na moto ulizimika kwenye kiungo. Sajenti mmoja mchimba makaa akaingia mle ndani kwa kutambaa, kwenye njia inayoelekea kilo 3,600 za baruti ambazo hajui kama zitalipuka sasa hivi au la, luteni mmoja akamfuata, wakaukata wakauunga upya wakawasha wakatoka mbio. Saa 10 na dakika 44 alfajiri ardhi ikainuka.

Askari 278 wa Kusini walikufa palepale, wengi wao vijana wa South Carolina waliokuwa usingizini. Lilibaki shimo la urefu wa kama mita 50 na kina cha mita 9 hivi, kuta zake ni udongo laini na mabonge ya mfinyanzi makubwa kama nyumba. Mizinga zaidi ya 100 ya Kaskazini ikaanza kupiga kwa mpigo. Upande wa Kusini pale mbele hakukuwa na mtu wa kujibu, waliobaki walikimbia au walikuwa wameduwaa. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na ulibaki wazi kwa muda wa kutosha.

Divisheni ya Ledlie haikutoka. Kwanza wenyewe walitishika na mlipuko wakarudi nyuma ikabidi wapangwe upya. Alafu walipoambiwa mbele, walikuwa chini kwenye handaki refu kuliko mtu na hakuna ngazi. Hakuna aliyeweka ngazi! Wakaanza kuchomeka singe ukutani wapande kama vidato, wengine wanarundika magunia ya mchanga, wanatoka mmoja mmoja, wawili wawili, na mbele yao vizuizi vya magogo yaliyochongwa navyo havijaondolewa vya kutosha. Walipofika kwenye shimo hakuna aliyewahi kuwaambia wapite pembeni. Wakaingia ndani. Wengine walisimama kuwafukua askari wa Kusini waliozikwa nusu, wengine wakashangaa tu, wengine wakaona humu ndo pazuri pa kujificha. Divisheni zilizofuata zikajaribu kulia na kushoto ila nyingi nazo zikaishia humohumo, mpaka shimo likajaa watu hakuna pa kuinua mkono.

Ledlie alikuwa wapi? Nyuma, kwenye banka la madaktari, anakunywa rum. Ferrero nae alipita hapohapo. Wajumbe wakija kuuliza tufanye nini, Ledlie anatuma maneno kwamba waambieni wasonge mbele. Wakati huohuo mmoja wa makamanda wake wa brigedi, mtu aliyepoteza mguu vitani miaka miwili nyuma na anatembelea mguu wa bandia, alikuwa ndani ya shimo pamoja na askari wake, mguu ule ukavunjwa vipande na akashindwa kutoka, akatekwa.

Juu zaidi hali haikuwa nafuu. Meade alikaa kwenye makao ambayo huwezi kuona uwanja, anategemea telegramu. Anauliza kinaendelea nini, Burnside anajibu nusunusu au kimya, mpaka Meade akamwandikia anataka ukweli, je ni kweli watu wako wamegoma kutii? Burnside akajibu kwa hasira kwamba hayo sio maneno ya afisa wala ya muungwana. Watu wanakufa mita mia chache mbele na hawa wawili wanagombania heshima kwenye waya.

Upande wa pili Lee alifanya kitu kimoja cha haraka. Alituma mjumbe moja kwa moja kwa William Mahone, akaruka ngazi ya katikati, akaomba brigedi mbili. Mahone hakuzituma, alikwenda nazo mwenyewe. Akawatoa watu wake kwenye mstari polepole ili adui asione, akawapitisha kwenye bonde, akaja akalichungulia lile shimo kwa macho yake, akaona bendera zilivyosongamana, akaongeza brigedi ya tatu.

Na ni hapo, kama saa 2 asubuhi, ambapo Burnside aliamua kuingiza divisheni ya askari weusi. Wale waliofanya mazoezi ya plani wakaingizwa wakati plani imeshakufa. Na bado, pamoja na msongamano ule, sehemu yao walipita pembeni kulia kama walivyofundishwa, wakachukua handaki na mateka. Sajenti Decatur Dorsey wa rejimenti ya 39 ya askari weusi aliitanguliza bendera akaisimika mbele ya wenzake, waliporudishwa nyuma akawakusanya tena. Alikuja kupewa Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa ya kijeshi Marekani. Kisha brigedi za Mahone zikafika. Wengi wa askari weusi waliojisalimisha waliuawa baada ya kuweka silaha chini, kwa singe na kwa vitako vya bunduki, mbele ya macho ya wenzao weupe. Hili lipo kwenye barua za askari wa Kusini wenyewe na halihitaji kulainishwa.

Saa 3 na nusu Meade akaagiza kurudi. Burnside akachelewesha akiamini bado inawezekana, na waliokuwa shimoni hawakuwa na namna ya kutoka kwasababu uwanja wa nyuma yao ulikuwa unapigwa pande mbili. Waliendelea kufa kwenye joto lile bila maji mpaka mchana.

Matokeo

Kaskazini ilipoteza karibu watu 3,800: waliouawa 504, majeruhi zaidi ya 1,800, waliotekwa au kupotea zaidi ya 1,400. Divisheni ya Ferrero peke yake ilibeba zaidi ya 1,300 katika hao. Kusini ilipoteza karibu 1,500 ukijumlisha na wale wa mlipuko. Mstari ukarudi ulipokuwa. Majeruhi walibaki katikati ya mistari kwenye jua mpaka tarehe 1 Agosti ndo ikapatikana ruhusa ya masaa machache ya kuwaokota, na wengi hawakuwa wa kuokota tena.

Grant aliandika kwamba ni jambo la kusikitisha kuliko yote aliyoshuhudia kwenye vita ile. Burnside aliondolewa katikati ya mwezi wa 8 na hakurudishwa. Ledlie akasukumwa nje, akajiuzulu mwezi wa 1 mwaka 1865. Ferrero alitajwa vibaya na tume ya uchunguzi ya kijeshi, na kabla mwaka haujaisha akapandishwa cheo cha heshima. Mapema 1865 kamati ya Bunge ikamgeukia Meade kwa kubadilisha plani, na mbele ya kamati hiyo Grant alikuwa amekiri kwamba anaamini kama askari weusi wangetangulia kama Burnside alivyotaka, ingefanikiwa. Petersburg iliachwa na Kusini mwanzoni mwa mwezi wa 4, 1865, miezi minane baadae.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kila kitu kilichokuwa mikononi mwa watu wanaoijua kazi yao. Wazo lilitoka kwa askari wa kawaida, likapita kwa injinia, likafika kwa jenerali ndani ya siku chache. Burnside hapo nampa haki yake kabisa, aliwalinda wale wachimbaji wakati makao makuu wanawadharau. Na utambi ulipozimika hakuna aliyesubiri agizo kutoka juu, fundi aliingia mwenyewe kwasababu alijua kiungo kiko wapi.

Kilichofeli kinaanzia kwenye lile badiliko. Sisemi kamanda mkuu hana haki ya kubadilisha, anayo. Ila ukibadilisha watu umebadilisha na mafunzo, maana yale mazoezi ya kupita pembeni hayakuwa yameandikwa popote isipokuwa kwenye miguu ya wale askari 4,300. Meade aliondoa watu akadhani plani imebaki palepale. Na kama aliona lazima abadilishe alitakiwa aidha asogeze siku (baruti haiozi kwa siku mbili) au akae na huyo kamanda mpya amsikilize akieleza kwa mdomo wake mwenyewe atafanya nini ngome ikilipuka. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Kura ndo sehemu inayoniuma zaidi. Burnside alikuwa mtu mwema, hilo hata wabaya wake walilisema, na nadhani alipiga kura kwasababu aliona sio haki kumchagulia mwenzake kifo. Ila ile haki ilikuwa kati ya majenerali watatu tu, askari walioko chini yao hawakuwemo kwenye hesabu. Kwa askari haki ilikuwa ni kupewa kamanda bora aliyepo. Alikuwa na Potter, ambaye wale wachimbaji walikuwa wa divisheni yake na wazo lilipitia kwake, anaijua kazi ile kuliko Willcox na Ledlie, na alikuwa anachaguliwa bila hata kufikiri mara mbili.

Kuna suala la kuona pia. Meade haoni, Burnside anaona kidogo na hasemi, Ledlie haoni kwasababu yuko kwenye pombe. Matokeo yake kuanzia alfajiri mpaka saa 2 kila ngazi ilikuwa inatoa agizo lilelile, ongezeni watu, songeni mbele, kwa watu walioko ndani ya shimo la mita 9 lenye kuta za udongo unaoporomoka. Kila divisheni iliyoongezwa ilizidi kuwabana wale wa kwanza. Mahone hakuwa na akili kuliko hawa, aliangalia tu kabla ya kuamua, na alichokiona kikambadilishia idadi ya brigedi.

Mwisho niseme la ngazi, kwasababu kwenye maandishi mengi linapitwa kwa mstari mmoja. Kuondoa vizuizi vya mbele usiku Burnside aliogopa adui atashtuka, hoja hiyo naielewa. Lakini vidato vya kutokea ndani ya handaki lako mwenyewe adui havioni. Magunia ya mchanga yalikuwepo, mbao zilikuwepo, na rejimenti nzima ya wachimbaji waliokuwa wameshazoea kujenga ngazi na nguzo gizani walikuwa wamekaa palepale nyuma, kazi yao imeisha, hakuna aliyewaita.